Siwema na Mbegu za Miiba

Wasikilizaji wangu, nitoe?
Toa, tumekaa.
Ngano yangu ni chungu. Mtaimeza?
Tutaimeza.

Hapo zamani za kale, palikuwa na nungunungu jike, jina lake Siwema. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Tunu, ambaye miiba yake ilikuwa bado laini. Waliishi pangoni, jirani na Kalunguyeye, naye mnyama wa miiba, rika lake Siwema. Walikula mizizi, wakishiba kidogo, kisha walilala mpaka njaa iwaamshe.

Siku moja Siwema akaona shamba la miwa kando ya mto. Akahamia huko na mwanawe. Akala asubuhi, akala mchana, akala jioni, akala hata akisinzia. Akanenepa, akang'aa.

Kalunguyeye akaenda kumjulia hali. Akamwambia, "Dada, pumzisha tumbo. Chini ya ngozi zetu mna mbegu za miiba. Mwiba ukidondoka, mbegu huotesha mwingine. Lakini mbegu hizo hujipatia nguvu tumbo likiwa tupu. Ukizimwagia utamu kutwa kucha, zitachakaa kabla yako."

Siwema akajibu, "Njaa naijua, ndugu yangu. Nililala nayo alipokufa baba Tunu. Sitaki mwanangu aijue."

Kalunguyeye akarudi pangoni.

Chui akaja. Siwema akamficha Tunu nyuma yake, akampa Chui mgongo, akajitikisa: cha! cha! cha! Chui akakimbia na miiba puani. Ile iliyodondoka ikaota upesi, mirefu, mikali. Siwema akacheka, akarudi kwenye miwa. Akala.

Chui akaja tena. Siwema akajitikisa: cha, cha. Chui akarudi nyuma akichechemea. Safari hii miiba ilichelewa. Ilipoota ilikuwa mifupi, myeupe kama mvi.

Tunu akauliza, "Mama, mbona mgongo wako umekuwa kama wa bibi?"

Siwema akapeleka mkono mgongoni. Alijipapasa, na miiba ikabaki mkononi mwake. Hofu ikamwingia. Akaacha miwa siku ile ile, akachimba mizizi, akalala na njaa. Miiba miwili mitatu ikachomoza begani. Kwingine kote ngozi ilibaki tupu. Mbegu zilikuwa zimekwisha.

Chui akaja mara ya tatu. Siwema akasimama mbele ya Tunu, akageuza mgongo, akajitikisa. Hapakusikika kitu. Akajitikisa tena kwa nguvu zake zote. Kimya.

Chui akamtazama, wala hakumkasirikia. "Pisha, bibi," akasema.

Akamsukuma kando kwa kiganja kimoja, akamchukua Tunu.

Kalunguyeye alisikia kilio, akafika mbio. Alimkuta Siwema amekaa katikati ya miwa, makunyanzi usoni, macho makavu.

"Ameniita bibi," Siwema akasema. "Mimi na wewe tulizaliwa masika yale yale."

Kalunguyeye akaketi kando yake. 

Basi, ndugu zangu, mwili hujitengeneza tumbo linapopumzika. Anayekula bila kituo huwachosha mafundi waliomo ndani yake, na uzee humkuta kabla ya wakati. Tena haumwumizi yeye peke yake, bali na wale wanaomtegemea.

Ngano nimeitua hapa. Mwenye mgongo na aibebe, nami niacheni nipumzike.