Laptop ya Bwana Sekiondo

Hii imfikie kila anayesimamia wenzake kazini, hasa yule anayependa kufoka.

Palikuwa na mchapaji mmoja Korogwe, Bwana Sekiondo, mwenye duka la kuchapa mabango na picha kubwa za harusi. Duka lake lilisifika wilaya nzima, kwa sababu watu kwenye mabango yake walitoka na rangi zao hasa. Mweusi alitoka mweusi, maji ya kunde akatoka maji ya kunde. Mwenyewe alikuwa haishi kujisifu. Kila mteja aliyeingia alioneshwa ile laptop ya kutengenezea picha, kisha akaambiwa, "Unachokiona hapa ndicho kitakachotoka. Mimi nina jicho, bwana."

Na kweli, kilichoonekana ndicho kilichotoka. Hapo hakudanganya hata kidogo.

Kazi ya mashine aliifanya Stumai, mwanamke asiye na maneno mengi, ambaye mshahara wake ndio uliowalisha wazazi wake wawili. Sekiondo alitengeneza picha kwenye laptop, akaituma chumba cha nyuma, Stumai akaichapa. Walikwenda hivyo miaka mitatu.

Alhamisi moja asubuhi Sekiondo aliingia chumba cha nyuma kutafuta mkasi. Akamkuta Stumai ameifungua kwenye kompyuta ya mashine picha ya bibi harusi aliyomtumia muda uleule, na anapunguza kijani usoni.

"Unafanya nini?"

"Naiweka sawa kidogo, bosi."

"Unaiweka sawa? Picha niliyoshinda nayo jana kutwa?"

"Laptop yako haioneshi rangi vizuri, bosi. Ile profaili yake ya rangi siyo. Ipimwe tu, ni kazi ya dakika tano."

Profaili ya rangi ni yale maelekezo ndani ya kompyuta yanayoiambia skrini nyekundu iwe nyekundu kiasi gani, na kijani kiwe kijani kiasi gani. Sekiondo aliyajua hayo. Ila kukumbushwa na mtu wa mashine kulimchemsha damu.

"Laptop yangu ipimwe? Ina malaria?" Akacheka peke yake, kisha akanuna. "Sikiliza, Stumai. Kuanzia leo usiguse rangi zangu. Nilichotuma ndicho kitoke. Ukigusa tena, ukatafute kazi kwingine."

"Sawa, bosi."

Akaichapa kama ilivyokuja. Ilipotoka, alichungulia mlangoni. "Bosi, njoo ulione bango kabla sijalikunja."

"Nimeshaliona kwenye skrini. Kunja."

Akalikunja.

Ijumaa asubuhi alikuja Bi. Mwanahamisi, shangazi yake bibi harusi, kuchukua bango. Harusi ilikuwa kesho yake. Sekiondo akalikunjua mezani kwa mbwembwe zake zote. Shangazi akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa ushungi, akaivaa tena.

"Sekiondo, mwanangu huyu anaumwa?"

Bibi harusi alikuwa kijani. Si nguo. Uso, shingo na mikono, vyote kijani kama papai bichi. Bwana harusi alikuwa kijani pembeni yake, mpaka meno, na anatabasamu.

"Stumai!" Sekiondo akapiga kelele hadi majirani wakatoka. "Umenifanyia nini wewe?"

Stumai akaja akiwa ameshika kitambaa cha kufutia wino. "Sijafanya kitu, bosi. Ni kama ulivyoagiza."

Sekiondo akaigeuza laptop yake ile upesi upesi ili shangazi aione. "Tazama mwenyewe, mama! Huku si mzuri? Mashine yake hiyo ndiyo inaharibu!"

Na kwenye skrini bibi harusi alikuwa mzuri kweli. Shangazi akabaki anaangalia skrini, anaangalia bango, hajui amkasirikie nani.

Stumai hakubishana. Alivuta droo ya chini, akatoa kifaa kidogo mfano wa kipanya cha kompyuta, kilichokuja pamoja na mashine na kukaa ndani ya boksi lake miaka yote mitatu. Akakichomeka kwenye laptop, akakilaza juu ya kioo. Skrini ikawaka nyekundu, ikawaka kijani, ikawaka buluu, kifaa kikazipima rangi moja baada ya nyingine. Mwisho akabonyeza kuhifadhi profaili mpya.

Mbele ya macho yao watatu, bibi harusi kwenye skrini akageuka kijani.

"Haa!" shangazi akashika mdomo.

Skrini ilikuwa inazidisha wekundu. Kwa hiyo Sekiondo alikuwa akiupunguza kwenye kila picha, akidhani anarembesha, kumbe anawafanya watu kijani. Aliketi. Akafungua kazi ya mwezi uliopita: kijani. Akafungua kwaya ya Pasaka: waimbaji arobaini, wote kijani. Akafungua picha ya mama yake mzazi, aliyoitundika sebuleni kwake na kila mgeni akaisifu. Kijani.

Yale mabango yote yaliyosifiwa, hakuna hata moja lililotoka kama alivyolituma.

"Zote hizi..." akasema polepole. "Ulizirekebisha wewe?"

"Moja moja, bosi. Naangalia uso, narudisha rangi ya mtu."

"Na mimi jana nilitaka kukufukuza."

"Ndiyo."

Aibu ilimpata hasa, na hakuificha. Alisimama mbele ya mteja wake na majirani waliojaa mlangoni, akasema, "Stumai, dada yangu, nisamehe. Jicho lililokuwa linafanya kazi humu ndani ni lako."

"Nimekusamehe, bosi. Sasa nipishe kwenye hicho kiti. Kesho kuna harusi."

Shangazi akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Funzo: Ukiona kazi yako haina kasoro miaka nenda miaka rudi, usiharakishe kujipongeza, ulizia kwanza ni nani anayekusahihishia kimyakimya.