Zimwi Lililomeza Nyuki

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Bondeni pakawa shamba, kando ya shamba pakawa zimwi.

Basi, hapo kale aliishi mwanamke aitwaye Mnyamisi na binti yake mdogo, Mwanamvua. Shamba lao la maboga lilipakana na korongo, na ndani ya korongo lilikaa zimwi.

Kila mavuno zimwi lilipewa boga moja bivu, lenye mbegu. Lililimeza zima zima, likalala mpaka mwaka wa pili. Likikosa boga, lilikula mtoto wa shamba lililo jirani. Wanakijiji waliita jambo hilo mila, kwa kuwa mashamba yao yalikuwa mbali.

Siku moja zimwi lilighadhibika. "Nyuki hawa wananivunjia usingizi!" Likaachama, likavuta pumzi, likameza nyuki wote wa bonde lile. Asibaki hata mmoja.

Bonde likanyamaza. Likanyamaza hata watu wakawa wananong'ona mchana kweupe.

Maboga yakatoa maua. Maua dume, yale ya kikonyo kitupu, yakachanua. Maua jike, yale yenye kiboga kama kidole gumba chini yake, yakachanua. Lakini kila kiboga kilipiga umanjano, kikaoza, kikadondoka.

Jioni zimwi likaja, tumbo likivuma: vuuuu.

"Mnyamisi, boga langu liko wapi?"

"Linakuja, babu."

"Lisipokuja, nitakuja mimi. Na huyo mtoto usimkondeshe."

Mnyamisi akakimbilia kwa Mzee Semboja, ambaye hakuwahi kushika jembe ila hakukosa jibu. Mzee akakohoa kwanza, kama wafanyavyo wasiojua.

"Ni hayo maua dume," akasema. "Yanakunywa maji bure, hayazai. Chumeni yote mpike."

Wanawake wa pale walizoea kuchuma maua dume kwa mboga, wakibakiza machache. Safari hii walichuma yote, wakayaunga kwa karanga.

"Angalau tumekula," akasema Mboni, shoga yake Mnyamisi.

"Wewe umekula. Mimi naliwa."

Viboga vikaoza vilevile.

Mara ya pili zimwi likaja, tumbo likivuma: vuuuu.

"Mnyamisi, boga langu liko wapi?"

"Linakuja, babu."

Zimwi likapiga mwayo. Nyuki mmoja akaponyoka kinywani, akajificha majanini.

Alfajiri Mnyamisi alikuwa shambani. Ua dume moja lilikuwa limefunguka usiku ule. Nyuki akaingia humo, akatoka amejaa unga wa manjano kama mwanamke aliyetoka kusaga. Akaingia kwenye ua jike, akajipangusa humo. Jua lilipopanda, maua yakafumba, na nyuki akaanguka, amekufa.

Siku zikapita. Viboga vingine vyote vikaoza. Kile kimoja kikanenepa.

Mzee Semboja akakiona, akakikwanyua kabla Mnyamisi hajafika, akakizungusha kijijini. "Mnaona dawa yangu?"

"Mzee wangu," Mnyamisi akasema, "hicho ulichoshika ni roho ya mwanangu."

Mzee akakohoa.

Mnyamisi hakungoja kikohozi kiishe. Akasimama shambani na panga. "Atakayegusa ua dume langu, asinilaumu." Hata Mboni hakusogea.

Maua dume yakarudi. Alfajiri, kabla maua hayajafumba, Mnyamisi akachuma ua dume, akalivua majani yake ya manjano, kikabaki kijiti chenye unga. Akakipaka ndani ya ua jike. Akapaka la pili. Akapaka la tatu. Mawili yakaoza, moja likashika. Akalilinda mwezi na nusu, Mwanamvua kamfunga mgongoni.

Mara ya tatu zimwi likaja, tumbo likivuma: vuuuu.

"Mnyamisi, boga langu liko wapi?"

"Hili hapa, babu."

Zimwi likalimeza zima zima, likarudi korongoni kulala.

Basi, humo tumboni mlikuwa na joto na unyevu. Mbegu zikaota. Maua dume yakachanua gizani, maua jike yakachanua gizani, na nyuki walikuwamo, hawana kazi. Asubuhi moja watu wakaona ua la manjano limetoka sikioni mwa zimwi. Kesho yake likatoka jingine puani.

"Mnyamisi," zimwi likalia, "nimeshiba! Nitoe!"

Mnyamisi alisimama ukingoni mwa korongo, akamkumbatia mwanawe.

Maboga yakanenepa. Tumbo likatanuka, likatanuka, likatanuka, likapasuka: pu! Nyuki wakamwagika kama moshi, wakarudi bondeni.

Mizizi ilibaki mbavuni mwa zimwi, na mpaka leo korongo lile huzaa maboga makubwa, mazuri mno. Hakuna anayeyachuma. Ukiegesha sikio kwenye ganda, utalisikia zimwi likipumua.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni. Korongoni mimi sishuki. Nanyi, wanangu, kisichozaa msikikate kabla hamjajua kazi yake. Na anayekohoa kwanza, muulizeni mara ya pili.