Ukuta wa Bibi Rabab

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kandokando ya Mto Furati alikuwako mjane mchamungu aitwaye Juwairia. Mumewe alifariki akamwachia watoto watatu na dua njema, basi. Nyumba hakuacha, maana marehemu mwenyewe alikuwa mpangaji. Juwairia akahamia kwa wifi yake, akapewa kijichumba cha uani kilichokuwa cha punda. Na mawifi nyinyi mnawajua. Yule hakumfukuza, hasha, ila kila watoto walipocheka kichwa kilimuuma.

Sasa mjini hapo palikuwa na wakfu ulioachwa na mfanyabiashara mmoja wa ngozi, Mungu amrehemu. Alitoa shamba lake la mitende ili mapato yake yawajengee mafukara nyumba, kila mmoja amiliki yake, yeye na kizazi chake. Lakini mzee yule alikuwa na akili, hakutaka watu wakae kitako wakingoja kujengewa. Aliweka sharti kwamba mwenye kutaka nyumba awafinyangie matofali na kuwasimamishia kuta wenzake waliomtangulia, ndipo zamu yake ifike. Tena siku ya kukabidhiwa ufunguo, jirani yake aulizwe mbele ya watu kama ameridhia. Akisema hakuridhia, ufunguo unarudi mfukoni. Kwani si imesemwa tangu zamani kwamba jirani hutafutwa kabla ya nyumba?

Juwairia akajifunga kibwebwe. Mchana kutwa alikanyaga udongo huku ulimi wake ukimtaja Mola, na wanawe wakimletea makapi ya ngano. Jioni walirudi wametapakaa matope hata wifi asijue yupi ni yupi.

Udongo wa matofali, ndugu zangu, hutaka subira. Huchanganywa na makapi, ukalazwa mpaka uchache na kutoa harufu. Ukiufinyanga kabla ya hapo, tofali hutoka zuri la kupendeza, lakini likionja mvua tu, hupasuka. Hayo Juwairia aliyajua fika. Lakini asubuhi moja wifi yake aliamka vibaya, akauliza kwa sauti ya kusikika uani kama kuna watu wanaotaka kuzeekea humo. Maneno yakamchoma. Akaenda, akaufinyanga udongo ambao haujalala vya kutosha, na moyo ukimwambia haidhuru, ni mara moja tu. Shetani naye hana neno tamu kuliko hilo. Matofali yale yakaingia katika ukuta wa nyumba ya Bibi Rabab, ukakandikwa, ukapendeza machoni.

Huyu Bibi Rabab alikuwa ajuza asiye na mtoto wala mjukuu, na ulimi wake ulikuwa upanga. Muuza maziwa alizunguka mtaa wa nyuma asipite mlangoni pake. Na nyumba aliyoandaliwa Juwairia ilitazamana na ya bibi huyo, ng'ambo ya kichochoro. Yeye ndiye aliyepaswa kuridhia.

Siku chache kabla ya kupewa ufunguo, yakanyesha manyunyu. Juwairia akapita penye matofali yaliyobaki ya udongo ule, akayakuta yamepasuka yote. Akifumba mdomo, nani atajua? Ukuta umekwisha kandikwa, na nyumba aliyoitolea jasho iko mkononi. Akisema, ajuza yule atamkatalia, na watoto watarudi kwenye chumba cha punda. Lakini akakumbuka kwamba kitanda cha Bibi Rabab kimeegemezwa ukuta huohuo. Akajiuliza vipi amwombe Mola paa, na huku amemwekea mja Wake ukuta wa kumwangukia.

Siku ikafika, watu wakahudhuria. Sheikh Ubaidillah, msimamizi wa wakfu, alipomgeukia Bibi Rabab amuulize, Juwairia akatangulia kusema. Akaeleza yote, wala hakumtaja wifi. Sheikh, ambaye alimpenda kwa bidii yake, akamuuliza kwa upole kama kulikuwa na mtu aliyemwona.

"Aliyeniona hasinzii wala halali," akajibu Juwairia.

Bibi Rabab akasema hakuridhia, na kwamba ukuta ubomolewe na mikono iliyoujenga. Ufunguo ukarudi mfukoni, na Juwairia akarudi uani. Siku hiyo kichwa cha wifi hakikungoja hata watoto wacheke.

Juwairia akaubomoa ukuta, akaulaza udongo mpya, akangoja. Bibi Rabab akatandika mkeka pembeni, kazi yake ikawa kutia kasoro. Hili limepinda, lile jembamba, na udongo huu mbona haunuki? Aliuinamia akaunusa mwenyewe. Juwairia akaitika labeka kila mara, akarekebisha. Watoto mwanzoni walijificha, wakicheka kwa kuziba midomo. Bibi akawakaripia kwamba wanacheka chini chini mno na yeye masikio yake ni mazito. Tangu hapo akawa na tende za kuwapa, akidai zitaharibika bure.

Ukuta ulipokauka, watu wakakusanyika tena. Sheikh akamuuliza Bibi Rabab kama sasa ameridhia.

"Sikuridhia," akasema ajuza.

Watu wakaguna. Sheikh akazishika ndevu zake. Juwairia akainamisha kichwa, machozi yakamlengalenga, akamhimidi Mola wake kwa kila hali.

"Sijamaliza," akaendelea Bibi Rabab. "Sikuridhia akae ng'ambo. Hii iliyoshikana na yangu bado tupu, mpeni hii, nisikie wajukuu wakicheka. Kuta zangu zote, waliozijenga wanasema ni nzuri. Ni huu mmoja tu ninaoujua kwa hakika."

Sheikh akacheka mpaka kilemba kikamlegea, akamtilia Juwairia ufunguo mkononi.

Basi enyi wapenzi, mwenye kuificha kasoro ya ukuta huenda akapata nyumba. Mwenye kuikiri, akipenda Mola, hupata nyumba na jirani. Yeye atuwafikishe kusema kweli hata ufunguo ukiwa umekaribia kiganja, na atupe majirani wa kutukaripia kwa mapenzi. Amin.