Landrova ya Tupokigwe

Lililo juu ya mawe halidaiwi njia. Jana sokoni mlimsikia Sekela akimjibu hivyo mtoza ushuru, aliyemdai ada ya meza kwa miezi aliyokuwa kitandani akiugua, mkaja kuniuliza maneno hayo kayatoa wapi. Yalianzia hapa hapa kijijini, wajukuu zangu, na siku hiyo mimi nilibeba mlango wa nyuma.

Tupokigwe alikuwa mjane wa Asukenye. Mumewe alimwachia Landrova kuukuu iliyokuwa imekufa injini, imepandishwa juu ya mawe nyuma ya jiko. Gari likakaa hapo miaka kumi na tisa. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva, na mparachichi uliota chini yake ukapenya kwenye tundu la sakafu.

Mwaka mmoja binti wa jirani yake alifia njiani, akipelekwa hospitali juu ya machela ili akajifungue. Tupokigwe alipotoka mazikoni alimwita fundi Ambokile, akamuuliza kama gari lile laweza kufufuka. Ambokile alihangaika nalo miezi miwili, hadi injini ikanguruma.

Ndipo Tupokigwe akaenda mjini kulisajili kwa jina lake. Karani akafungua jalada, akamwambia gari linadaiwa ada ya barabara ya miaka yote kumi na tisa, na faini juu yake. Deni hilo lilishinda bei ya gari lenyewe. Tupokigwe akaeleza kwamba halijatembea hata hatua moja. Karani akasema jalada halioneshi hivyo. Mkuu wa ofisi, Bwana Mrutu, akamwonea huruma, akamwambia alipe nusu. Alipoombwa aje alione kwa macho yake, akasema ofisi haina usafiri wa kufika huku milimani.

Tupokigwe akakataa nusu. Tulimwona mkaidi. Mwenyekiti wa kijiji alikwenda kumsihi akubali, tumchangie. Akajibu kwamba nusu ya uongo bado ni uongo, na hataki mtu amchangie kuulipia.

Akaamua kuwapelekea gari lao. Kulikokota hakutaka, maana lingekanyaga njia kweli. Ambokile akalifungua vipande vipande. Mti akaukata juu na chini ya sakafu, shina akaliacha limebana pale pale. Jumatatu asubuhi tukaondoka, watu zaidi ya sitini. Wanaume walibeba injini na fremu kwa miti mabegani, wanawake tukajitwisha milango na viti. Mwenyekiti alianza kubingirisha gurudumu. Tupokigwe akamsimamisha, akamwambia alibebe.

Adhuhuri tulitua vyote katika uwanja wa ofisi. Bwana Mrutu akatoka.

“Mama, hivi ni vitu gani?”

“Ni gari unalolidai.”

“Sheria inataka mwenye gari lisilotembea atoe taarifa. Hukutoa.”

“Sikujua. Hilo ni kosa langu, niandikie nililipie. Lakini ada unayonidai ni ya njia.” Akamvutia kipande cha sakafu, shina nene kama paja likiwa katikati yake. “Niambie, baba, gari hili lilipita barabara gani na mti huu tumboni? Lililo juu ya mawe halidaiwi njia.”

Bwana Mrutu aliinama akalishika lile shina. Kisha akasema ataandika barua mkoani, na sisi turudi na vyuma vyetu tukangoje. Tupokigwe akakaa kwenye kiti cha dereva, pale pale uwanjani, akasema atangojea hapo.

Alingoja siku tisa. Tulimpelekea chakula kwa zamu, na kila aliyefika ofisini alimuuliza habari, naye akamsimulia. Siku ya kumi jibu likaja: deni la miaka yote limefutwa, alipe faini ya kutotoa taarifa na ada ya usajili. Akalipa siku hiyo hiyo bila kunung'unika. Ambokile akaliunga gari mbele ya macho ya karani, na jioni likapanda milima kwa magurudumu yake, Tupokigwe kakaa mbele, machozi yakimtoka.

Juma lile lile gari lilimfikisha mzazi hospitali, akajifungua salama.

Tangu hapo, mtu wa huku akidaiwa malipo ya kitu ambacho hakukitumia, haombi apunguziwe. Husimama wima akasema: lililo juu ya mawe halidaiwi njia.