Mwenye Upepo

Singano alikuwa anapepeta maharage yake kwa ungo, Shekiondo, tajiri wa kilimani, alipoteremka na gunia tupu.

"Upepo huo unatoka shambani kwangu. Nipe nusu."

"Nusu? Wanangu watakula nini mpaka masika?"

"Makapi."

Singano akaweka ungo chini. "Sawa, mzee. Ila asije mwingine akaudai. Watangazie majirani kwamba ni wako."

Shekiondo akapanda juu ya kinu. "Upepo wote wa kijiji hiki ni wangu, tangu enzi za babu!"

"Tumesikia," Singano akasema. "Tutagawana kesho."

Asubuhi yake Singano alibisha hodi kwa Shekiondo, amejitwika mabati yaliyopinda, na majirani nyuma yake wamebeba yao.

"Mzee, mwezi uliopita upepo wako ulituezulia nyumba. Ziezeke kwanza, ndipo tugawane maharage."