Kifaru Aliyesoma Kila Kitu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa kitabu!

Cha nani?

— Cha jirani!

Mtarudisha?

— Tukimaliza!

Mtamaliza lini?

— Usitusumbue, hadithia!

Haya. Sogeeni, na mwenye kutafuna karanga atafune polepole.

Hapo kale, katika Bonde la Mwerera, wanyama walikuwa na sanduku la vitabu. Sanduku lilikaa juu ya jabali la akina pimbi, na ndani yake mlikuwa na vitabu arobaini na viwili, vyote vya mambo ya ajabu: mazimwi, miji inayoelea, mito inayojibu ukiisalimia. Wala havikuwa kimoja kimoja. Vilikuwa mifululizo. Ukimaliza cha kwanza kipo cha pili, ukimaliza cha pili kipo cha tatu, na huko jikoni ugali unaungua.

Sanduku lilikuwa na desturi yake. Aliyemaliza kitabu alimtafuta mwenzake asiyekisoma akampendekezea kwa mambo matatu tu: kinaanzia wapi, kinachosha wapi, na nani humo ndani utampenda. Basi. Aliyetoboa siri ya mwisho alifagia jabali wiki nzima. Nyani alifagia masika yote.

Sasa, palikuwa na Pimbi. Mdogo, wa kahawia, kama sungura aliyesahauliwa masikio. Siku moja Pimbi alivunjika mguu, akalala siku arobaini akihesabu nzi. Ndipo Kobe alipokuja, tuk... tuk... tuk..., kitabu mgongoni.

"Shangazi," akasema Pimbi, "vitabu vya mazimwi mimi sivitaki. Ni vya watoto."

"Nani kakwambia?"

"Watu wazima."

"Wamevisoma?"

"Hapana."

"Haya basi, nisikilize mimi niliyesoma. Huu mfululizo unaitwa Wafua Umeme wa Kisima Kikavu. Vitabu saba. Unaanzia kisimani. Unachosha kuanzia ukurasa wa thelathini, wazee wanapogombania nani ni wa ukoo gani. Vumilia, ni kurasa kumi tu. Na utampenda Mwanashehe, maana ana mdomo kama wako."

Pimbi akasoma. Akasoma cha kwanza, akasoma cha pili, akasoma cha tatu. Mguu ukapona, yeye akasahau kusimama. Tangu siku hiyo hakujua amshukuruje shangazi yake. Alimpelekea mchicha. Akampelekea mchicha tena. Lakini mtu kakupa mbingu yenye wahunzi wa radi, wewe unampa mchicha? Pimbi alijiona ana deni la moyo.

Basi wakaendelea kusoma pamoja hadi mwisho wa kitabu cha sita. Na mwisho wa kitabu cha sita, jamani, Mwanashehe ananing'inia kwenye kamba kati ya mawingu mawili, na kamba imebakiza nyuzi mbili.

Siku hiyo hiyo akaja Kifaru.

Kifaru wa Mwerera alikuwa na nguvu, alikuwa na choyo, na ngozi yake ilikuwa nene hata aibu haikupenya. Alipanda jabalini akipumua, fuuu! Akachomeka pembe kwenye sanduku, akalinyanyua.

"Vitabu hivi nitavitunza mimi," akasema. "Nyinyi mna makucha."

Akaenda navyo nyumbani kwake, akavipanga kwenye rafu barazani, pale mgeni anapofikia. Na kila mgeni aliyefika alishika kiuno. "Lo! Mheshimiwa unasoma!" Naye Kifaru hujibu, "Nimesoma kila kitu." Fuuu!

Huku nyuma, Kobe akaenda kwa Daktari Korongo, maana herufi zilikuwa zimeanza kucheza ngoma. Korongo akamchungulia jicho la kulia, akamchungulia la kushoto.

"Mtoto wa jicho huyu," akasema, "amekwisha kuwa mtu mzima. Soma unachotaka kusoma, Bi Kobe. Vuli ikiisha hutaona."

Kobe akarudi, tuk... tuk... tuk... Hakulia. Alimwambia Pimbi tu, "Mwanangu, sitaki mengi. Nataka kujua kama ile kamba ilikatika."

Pimbi akainuka. Tiku-tiku-tiku, mpaka barazani kwa Kifaru.

"Hodi! Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kitabu cha saba cha Wafua Umeme. Namwombea shangazi yangu, macho yanamwisha."

"Nakisoma."

"Umefika wapi?"

"Katikati."

Pimbi akarudi, tiku-tiku-tiku. Akangoja siku saba. Tiku-tiku-tiku.

"Hodi! Shikamoo, Mheshimiwa. Umefika wapi?"

"Katikati."

Akarudi, tiku-tiku-tiku. Akangoja siku saba nyingine, na mvua za vuli zikaanza kudondoka, to, to, to. Tiku-tiku-tiku.

"Hodi! Shikamoo, Mheshimiwa. Umefika wapi?"

"Katikati. Kina katikati ndefu."

Pimbi akamtazama. Akatazama rafu. Juu ya vitabu buibui alikuwa amejenga, amezaa, na wajukuu wake wamehamia.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "ulilia pale fahali wa chuma alipofariki?"

Katika vitabu vyote vya Wafua Umeme hamna fahali, wa chuma wala wa nyama.

"Nililia sana," akasema Kifaru. "Nilikosa usingizi."

Pimbi hakucheka. Alifunga mdomo kwa miguu miwili, akaaga, akaenda nyumbani kuwaza. Maana mwenye nguvu humwezi kwa nguvu, na mwenye choyo humwezi kwa kuomba, lakini anayejifanya anajua, huyo ameshajifunga kamba mwenyewe. Kazi yako ni kuishika ncha.

Kesho yake asubuhi, tiku-tiku-tiku.

"Hodi! Shikamoo, Mheshimiwa. Leo siombi kitu. Leo nimekuja kupendekeza. Upo mfululizo unaitwa Zama za Mizimu ya Chini. Vitabu kumi na tano."

Masikio ya Kifaru yakasimama. Kumi na tano! Lakini hakutaka kuonekana hajui.

"Huo?" akasema. "Nimeusoma."

"Wote?"

"Mara mbili."

"Alaa! Kumbe Mheshimiwa ndiye! Mimi nilisikia vitabu vile ni vya bwana mmoja msomi sana, viliazimwa havikurudi. Kumbe ni vyako?"

Kifaru akafumba macho kidogo, kama mtu anayekumbuka marehemu. "Ni vyangu. Waliniibia."

"Basi shukuru Mungu, viko kwa binamu zangu. Nitakurudishia. Ila Mheshimiwa mwenyewe unayakumbuka masharti yake."

"Nayakumbuka. Yaseme, nione kama wewe unayajua."

"Havikai na vitabu vingine. Yule joka wa kitabu cha nane..."

"Joka yule!"

"... hutoka usiku akala vitabu vya jirani."

"Alinilia kamusi," akasema Kifaru kwa uchungu. "Kamusi nzima. Alibakiza irabu."

Mnaona? Mtu kama huyo humsukumi. Unamfungulia mlango tu.

"Basi vitabu hivi arobaini na viwili itabidi vitoke," akasema Pimbi. "Nitavibeba mimi, Mheshimiwa usijichoshe."

Fuuu! Kifaru akaanza kutupa. Kitabu pu! Kitabu pu! Kitabu pu! Buibui na wajukuu zake wakahama. Nje, binamu za Pimbi wakadaka, wakapanga, wakadaka, wakapanga. Vikafika arobaini na kimoja. Kifaru akasita.

Mkononi alikuwa na kitabu cha saba cha Wafua Umeme. Jalada lake lilikuwa la bluu na nyota za dhahabu.

"Hiki kinabaki," akasema. "Wageni wanapenda rangi yake. Joka akikila, akile."

Moyo wa Pimbi ukaanguka, kwa! Vitabu arobaini na kimoja viko nje, na kimoja alichokijia kiko ndani ya kwato za Kifaru.

"Vizuri, Mheshimiwa. Hata Twiga atafurahi."

"Twiga anahusika vipi?"

"Si amekisoma! Yeye alikisoma kabla sanduku halijahama. Anasema amekosa mtu wa kujadiliana naye. Nikamwambia, nenda kwa Mheshimiwa, yule amefika katikati. Atakuja Ijumaa. Ana maswali yake kayaandika."

"Ameandika?"

"Kurasa nne."

Kifaru akakitazama kile kitabu kana kwamba kimemng'ata.

"Na hivi kumi na tano," akauliza polepole, "Twiga amevisoma?"

"Hivyo hakuna aliyevisoma, Mheshimiwa. Ni wewe peke yako duniani. Hakuna wa kukuuliza."

Pu! Kitabu cha saba kikatua miguuni pa Pimbi.

Jioni hiyo akina pimbi wakaleta Zama za Mizimu ya Chini. Yalikuwa mabamba kumi na tano ya mawe, yamechongwa kutoka jabalini, yamevikwa magome ya mti, na kila moja limeandikwa namba kwa mkaa. Wakayapanga rafuni. Du! Du! Du! Rafu ikalia.

"Vizito," akasema Kifaru kwa raha.

"Vizito mno, Mheshimiwa. Wengi hushindwa hata kuvifungua."

"Mimi nilivifungua."

"Tunajua, Mheshimiwa."

Tiku-tiku-tiku, mbio hadi kwa Kobe! Pimbi akamwekea kitabu mbele, akafuta utando wa buibui kwa mkia, kisha akakumbuka hana mkia, akafuta kwa tumbo.

Kobe akasoma siku kumi na tisa. Asubuhi kurasa chache, mchana kurasa chache, pua imegusa karatasi. Siku ya kumi na tisa, vuli ikiwa imebakiza manyunyu, akafunga jalada. Akaliinamia hata Pimbi akaogopa.

"Shangazi?"

"Nipo, mwanangu."

"Herufi bado unaziona?"

"Hii ya mwisho niliiona. Nyingine siwezi kukuahidi." Akampapasa Pimbi kichwani. "Ahsante. Ahsante sana. Mchicha wako ulikuwa mtamu, lakini hiki kimenifika."

Kisha akauliza, "Kifaru naye umemshukuru?"

"Kifaru? Yule mwizi?"

"Masika yaliyopita sanduku lilikuwa linavuja, Nyani shahidi. Vitabu vimekaa pakavu barazani kwake. Havina hata doa. Alikuwa mwizi, ndiyo, lakini mwizi mwenye paa. Nitakwenda kumshukuru."

Pimbi akakasirika, akakataa kumsindikiza. Kobe akaenda peke yake akipapasa njia, tuk... tuk... tuk...

Akarudi jua likizama. Kesho yake akaenda tena. Kesho kutwa, tena. Pimbi akaona sasa hili lina mdudu ndani.

"Shangazi, unafuata nini kule?"

"Nilimwambia ahsante. Nikamwambia, Mheshimiwa, macho yangu yamekwisha, wewe umesoma kila kitu, nipendekezee. Kinaanzia wapi, kinachosha wapi, nani nitampenda. Akapumua weee. Akashikwa na kigugumizi. Mwishowe akasema kinaanzia chini ya ardhi, kuna joka anayekula maneno kwa sababu hajui kusoma na anaona haya kusema. Nikamwambia, huyo nampenda tayari. Halafu ikawaje? Akaendelea."

"Shangazi! Yale ni mawe! Tumeyachonga sisi!"

"Nimeishi juu ya jabali lile miaka themanini, mimi nisijue harufu ya mawe yake?" akasema Kobe. "Jana amemaliza kitabu cha tatu. Leo anaanza cha nne. Unakuja, huji?"

Pimbi akaenda. Alikwenda ili acheke, hilo tuseme ukweli. Akakaa barazani, karibu na mlango, tayari kutimka.

Kifaru alimwona, akajifanya hakumwona. Akashusha jiwe la nne kutoka rafuni, akalilaza mapajani kwa uangalifu, akafunua gome. Akakohoa. Mara ya kwanza akakwama. Mara ya pili akakwama. Kobe akangoja, uso wake umeelekea sauti, kama mtu anayeota moto.

"Joka," akasema Kifaru, sauti si ya barazani tena, ni ndogo, "joka alifika kwenye mji ambao kila nyumba ilikuwa na jina mlangoni. Akaogopa. Kwa sababu moja ya nyumba zile ilikuwa ya mama yake, na hakuweza kujua ni ipi."

Akapapasa jiwe kwa pua.

Mvua imekata. Kifaru akaligeuza jiwe, akalitazama upande wa pili, nako hakukuwa na kitu.

Pimbi akasogea mbele hatua moja. Akasogea ya pili.

"Halafu?" akasema.

Ngano yangu imefika jalada la nyuma. Ikiwa tamu, mpendekezee jirani. Ikiwa chachu, nirudishieni, ila msikunje kurasa.

Na fundisho lake, kwa kuwa najua kuna mzazi hapa amekuja kwa ajili ya fundisho: watoto, msijifanye mmesoma msichosoma. Ni tabia mbaya mno. Mtashtukia mmekuwa watunzi, na hiyo kazi haina likizo.