Tumbo Lililomtukana Bwana Mkubwa

Hapo zamani, mvua ilipougomea mji wa Mavumbini hata watu wakawa wanapika mizizi, alizuka bwana mmoja, Mwinyimvua, mdomo asali, kazi hana. Akasema, “Wenye maghala ndio waliowaletea njaa. Nipeni mimi funguo zote, na viboko vya kuzilindia!” Watu wakampa, tena kwa vigelegele. Mwenye njaa hana miko, hata ya kuchagua bwana.

Basi ikawa nafaka yote imo kwake, naye ananenepa. Alipochoshwa na vilio akapiga mbiu: “Njaa imekwisha! Atakayesema ana njaa, viboko!”

Mji ukanyamaza, ila tumbo la Faki. Huyu Faki alikuwa fukara mcheshi, wanawe wakilala kwa kunywa maji ya moto tu, na tumbo lake likanguruma barazani hotuba ya Mwinyimvua ikiendelea. Akakamatwa.

“Ewe Faki, tumbo lako lanitukana!”

“Niwie radhi, bwana mkubwa. Nimelilea vibaya.”

Mwinyimvua hakucheka. “Kesho utaniandalia karamu, mimi na watu wangu, wala hupewi punje, maana hapana njaa mjini. Ukishindwa, mtachapwa wewe na wanao.”

Mkewe, Mize, akaangua kilio. Faki akamwambia, “Mama watoto, kaniazimie masinia, na kawa za kufunikia.”

Kesho yake wageni wakanawa, mji mzima ukitazama. Na kwa desturi yao, hapana atiaye mkono kabla ya mkubwa, wala ainukaye kabla yake. Mwinyimvua akafunua kawa: sinia tupu, limesuguliwa likang'aa, akajiona uso.

“Chakula ki wapi, mwanaharamu?”

“Chakula ni dawa ya njaa, bwana, nawe umesema njaa imekwisha. Asiyeumwa apewe dawa ya nini? Ila kama yuko mwenye njaa, na aseme. Viboko vile pale.”

Lo! Akimchapa Faki, amekiri njaa ipo. Akiinuka, amekimbia karamu yake mwenyewe. Akajikaza mpaka alasiri, jasho likimtiririka, ndipo tumbo lile lisilozoea kukosa likanguruma, watu wote wakasikia.

“Jamani!” akapaza sauti Faki. “Tumbo la nani hilo linalomtukana bwana mkubwa? Askari, likamateni!”

Mmoja akacheka, wa pili akacheka, hata askari wakaangusha viboko, maana nao walikuwa na njaa vilevile. Woga ukawatoka. Mwinyimvua akazitupa funguo, akatimua mbio kashika msuli mkononi. Mize akaziokota, maghala yakafunguliwa, na wana wa Faki wakala hata wakasinzia juu ya sinia.

Na tangu hapo, Mavumbini akija mtu na maneno matamu kuomba funguo, huwekewa sinia tupu kwanza, watu wakakaa kulisikiliza tumbo lake.